Pembe Nne za Leso

Siku yangu ya kwanza Rashidiya, huko Ghuba, sikuoneshwa jiko wala chumba cha kulala. Nilioneshwa mama mtu mzima aliyekaa kitini na barakoa yake ya Kiarabu usoni, akinipima kwa macho. Nilikuwa nimetoka kufagia maghala ya Jebel Ali, ambako msimamizi wetu alijua neno moja tu, "Yalla!", yaani haraka. Hapa nikakabidhiwa mtu.

"Mama hashikwi na mwanamume asiye mwanawe," Madam, mkwewe, akaniambia. "Hata daktari huomba ruhusa kwanza. Ukiruhusu mara moja tu, khalas, unarudi Mombasa."

Nikasema inshallah, nikaanza kazi. Kutunza mzee kuna elimu yake, wanangu, msidhani ni kupika uji. Unamgeuza ubavu kwa ubavu asipate vidonda vya kulalia. Ukimhamisha, humvuti mikono. Unamtandikia shuka chini yake na kuivuta shuka. Mama alikuwa mkali. Chai ikipoa aliimwaga mbele yangu. Lakini nilipougua alikaa mlangoni kwangu akinisomea dua mpaka nikakasirika, maana nilitaka kulala. Nilimpenda, sifichi.

Mwaka mmoja Sir, mwanawe, alitupeleka Uhispania, mashambani, kwenye kijiji cha kale kando ya mto. Nyumba zake zimechimbwa ndani ya kilima. Nje unaona mlango mweupe tu, na bomba la moshi limechomoza katikati ya nyasi. Mama alikuwa amesikia kwamba ndani mna ubaridi bila mashine.

"Nataka kuona," akasema. "Mimi nilizaliwa kabla ya mashine."

Sir akatuacha hapo, akaenda mji wa jirani kumchukua Madam. Tukapanda ngazi za mawe polepole, mimi na yeye. Juu, bibi mwenye nyumba akatukaribisha ndani. Mama akapapasa ukuta wa mwamba, akacheka.

"Wallahi, Mwanaisha, hapa ndipo pa kulala."

Kisha akashika kifua.

Jasho likamtoka, midomo ikabadilika rangi. Simu yangu haikushika mtandao mle mwambani. Bibi yule akapiga kelele, wakaja wanawe wawili, watu wazima wenye vifua vipana. Kwa ishara wakanieleza kwamba gari la wagonjwa limeitwa, ila litaishia darajani, ngazi zile haliziwezi. Wakanyoosha mikono kumbeba.

"La!" Mama akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Wasinishike. Bora nife."

"Hufi leo, Mama."

"Wasinishike, Mwanaisha!"

Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nikimtii, atanifia mikononi. Nisipomtii, nitakuwa nimemvunjia heshima akiwa hana nguvu za kujitetea, na hilo lilinitisha kuliko kurudishwa Mombasa. Mwanamke wa pwani hasafiri bila leso. Nikatoa zangu mbili, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikamgeuza ubavu kwa ubavu mpaka zikawa chini yake, nikafunga fundo kila pembe. Nikawaonesha wale wanaume: hapa kwenye fundo, si kwingine. Wakashika za kichwani, mimi na bibi yule za miguuni.

Tukashuka, mto ukivuma chini yetu. Kitambaa kikaanza kuchanika upande wangu. "Soma, Mama, soma," nikamwambia, na mimi nikisoma kimoyomoyo. Tulifika darajani pembe yangu imebaki nyuzi.

Sir akafika mbio mama yake akiwekewa hewa. Akawatazama wale wanaume, akanitazama mimi. "Nani amemshika?"

Mama akasogeza kifuniko cha hewa. "Hakuna," akasema.

Alipopona aliichukua ile leso iliyochanika, akaniuliza maandishi yake yanasemaje. Yalisema *Wajipitisha bure, mwenyewe nipo*, maneno ya kumrushia mke mwenza. Nikamwambia ni dua.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, nyumbani kwake. Mimi na Madam tulimwosha. Kisha Sir akaja na leso imekunjwa vizuri. "Ameusia afunikwe na hii."

Sasa nimestaafu, na wasichana wanaokwenda Ghuba huja kuniuliza kazi ile ina nini kigumu. Huwasimulia asubuhi ile ya maziko. Jeneza lilipotoka, majirani na wapita njia waligombea kulibeba, wanaume wasiomjua hata kwa jina. Nilisimama getini na machozi yangu, nikikagua mikono yao mmoja mmoja. Wote walishika mbao, si kwingine. Lilipopinda kona, ndipo nikaingia ndani kufunga sanduku langu.