Msichana wa Kitabuni

Mvua ya kwanza ikishanyesha, mikahawa huchanua kwa pamoja, na harufu yake, tamu kama asali iliyopashwa moto, hunirudisha Ruiru, kwenye shamba la mzungu alikofanya kazi baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tata Njeri, dada yake baba aliyekuwa yaya huko Thika, aliniletea riwaya iliyong'oka jalada. Niliisoma nimelala chali kati ya mistari ya mikahawa, maua meupe yakinidondokea usoni, nisijue tena kama niko shambani au katika mji ule wa kitabuni.

Mjini humo mama mmoja alitengwa na wote kwa kosa la mumewe. Msichana mmoja tu ndiye aliyempelekea kuni, akitembea wima, bila wasiwasi. Nilimpenda, jamani, kama mtu aliyewahi kula kwetu.

Nasi tulikuwa na mtengwa wetu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa uhuru, na watu walisema mume wa jirani yetu, Mama Kamau, alikuwa ametaja majina ya wenzake kwa askari. Mferejini, wanawake walilisukuma debe lake nyuma, likawa la mwisho kila siku. Asubuhi moja, zamu yangu ilipofika, nililichukua debe la Mama Kamau nikalikingia maji.

"We mtoto, umetumwa na nani?" akauliza mmoja.

"Sijatumwa."

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama alinishika bega. "Unataka tuchomewe nyumba? Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa kitabu."

Mama hakujua kusoma. Alirudi kumenya viazi, nami nikalia kwa kuona hanielewi.

Kesho yake alienda kuteka maji mwenyewe. Nilimfuata. Aliwapita wanawake wote, akasimama nyuma kabisa, kando ya jirani yetu.

"Umeamkaje, Mama Kamau?" akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Nyumba yetu haikuchomwa, ila kwa muda mrefu debe letu nalo lilisukumwa nyuma.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba riwaya ile ndiyo iliyonifunza utu. Na kweli, ilinionyesha njia. Lakini msichana wa kitabuni hakuwa na hofu hata chembe. Mama alikuwa nayo. Niliviona vidole vyake vikitetemeka akifunga kamba ya debe, nami siku ile nikadhani ni baridi.