Siri Yangu Ilivyoombewa

Mwaka wangu wa pili chuoni niliacha kwenda darasani, na mpaka leo sijui nikiite nini kitu kilichonishika. Haikuwa malaria, wala haikuwa mapenzi. Nilikuwa nalala masaa kumi na mawili na kuamka nimechoka. Ukurasa mmoja wa kitabu ulinishinda asubuhi nzima. Mama alikuwa anashona sare za shule kwenye kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo, kwa hivyo tulitoka pamoja nyumbani Komarock alfajiri, mimi na begi mgongoni kama mwanafunzi wa kweli. Tukiachana kwenye steji ya matatu nilikwenda Buruburu, nikakaa nje ya maduka mpaka nijue ameshaanza kazi, halafu nikarudi kitandani. Nilifanya hivyo wiki tano. Kila asubuhi mama alinijazia chai kwenye chupa nikanywe chuoni.

Aliyejua ni mtu mmoja tu. Tulikuwa majirani ukuta kwa ukuta tangu darasa la kwanza, tukaingia chuo kimoja, na mwaka huo alikuwa mshauri wa wanafunzi wenzake. Chuo kilikuwa kimeanzisha mpango wa kutufundisha kujitunza kwa ukamilifu, mwili na mengine yote. Washauri walipewa mafunzo ya siku mbili, soda, na tisheti ya kijani ambayo rafiki yangu aliivaa mpaka ikapauka. Alinikuta Buruburu Jumatano moja nimekaa na begi langu. Hakuniuliza mengi. Alininunulia chapati na ndengu, kisha akatoa karatasi yenye duara lililogawanywa sehemu sita: mwili, akili, hisia, roho, masomo, watu wa karibu. Nijipe alama kila sehemu, kumi ikiwa ndiyo nzuri kabisa.

Nilimcheka. Nikaandika mbili, moja, moja, sifuri, na kufika hapo nikawa nalia mbele ya watu wanaonunua mkate. Hakuona haya kukaa nami. Kwa hilo nampa sifa.

"Hii ni yetu wawili, buda," aliniambia. "Tulifunzwa hivyo. Siri ya mtu haitoki."

Tukapanga. Angeniandikisha nimwone mshauri wa chuo, yule aliyesomea kazi hiyo, Jumanne ya wiki ya pili baada ya hiyo. Mimi ningemwambia mama Jumamosi kabla ya hapo, msimu wa sare ukishapungua na yeye amepumzika kidogo. Nilikuwa na sharti moja tu, nikalirudia mara mbili: mama asikie kutoka mdomoni mwangu. Rafiki yangu alijua sababu. Baba alipooa mke mwingine huko Kayole, mama aliambiwa na majirani, tena wakati majirani wenyewe wameshachoka kulizungumza. Baada ya hapo aliniomba kitu kimoja maishani, kwamba mimi nisije nikamwacha asikie mambo yangu nje.

Jumapili iliyotangulia Jumamosi yangu, ushirika wa maombi wa akina mama wa mtaa ukaletwa kwetu. Zamu haikuwa yetu. Aliyeomba ibadilishwe ni mama yake rafiki yangu, ambaye ndiye kiongozi wao, na mama alifurahi sana. Alikanda mandazi tangu asubuhi. Aliazima viti vya plastiki, akabadilisha vitambaa vya makochi, akanituma maziwa pakiti nne. "Leo usiende popote," aliniambia. "Wamesema wanataka kukuombea masomo yako." Mimi mjinga nikavaa shati safi.

Waliimba, wakanywa chai, wakasifu mandazi. Kisha wakaniita katikati ya sebule nipige magoti, na mikono kama sita ikawekwa kichwani na mabegani mwangu. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, macho amefumba. Kiongozi akaanza taratibu, akashukuru kwa uzima, akashukuru kwa nyumba hii. Halafu akapandisha sauti.

"Baba, tunamleta kwako kijana huyu! Wiki tano hajakanyaga darasa, Bwana! Anatoka na begi asubuhi akimdanganya mzazi wake, kumbe anarudi kulala! Hii roho ya usingizi, ishindwe!"

"Ishindwe!" wakaitikia.

"Hii roho ya kulialia Buruburu, ishindwe!"

"Ishindwe!"

Nilifumbua macho. Mama alikuwa ameshafumbua yake. Wengine wote walikuwa wamefumba na kunguruma, ila sisi wawili tulikuwa tunatazamana katikati ya kelele ile, na mimi sikuweza hata kufungua mdomo, kwa sababu nani anakatiza maombi? Walituombea robo saa nzima. Mama aliitikia amina mwisho, akasimama, akawafungia wageni mandazi yaliyobaki.

Nilitoka nje, nikamkuta rafiki yangu, aliyekuja kusaidia kurudisha viti, akivipanga. Nilimshika tisheti.

"Ulisema siri haitoki."

"Sijaambia mtu!" Aliapa, na ubaya wake ni kwamba alikuwa anaamini. "Nilipeleka ombi tu. Kuombewa si kuambia watu. Na si uliona kwa ile duara, roho ulijipa sifuri? Mimi ningekusaidia na masomo, na mambo ya kula, lakini hiyo ya roho ningeitoa wapi? Nikaipeleka kwa mathe."

Ningekuwa na nguvu ningempiga. Mpaka leo nikifikiria jibu lile damu inanichemka. Siku mbili alifundishwa kwamba mtu ni mzima katika sehemu zake zote, akanigawa kama keki, kipande akampelekea mama yake, na mama yake akakipeleka kwa wanawake kumi na wawili.

Niliporudi ndani mama alikuwa anaosha vikombe. Nilianza kueleza, maneno yale yale niliyokuwa nimeyapanga kwa ajili ya Jumamosi. Hakugeuka.

"Ulikuwa umwambie nani kwanza?" akauliza.

"Wewe."

"Lakini yeye alijua."

Nilimlaumu rafiki yangu kwa kila kitu, lakini hilo mama alikuwa amelisema sawa: kabla sijasalitiwa mimi, yeye alikuwa ameshasalitiwa wiki tano, chupa ya chai kwa chupa ya chai.

Nilimwona mshauri wa chuo Jumanne ile, na nyingine nyingi baada yake. Alinisikiliza, akanituma hospitali, akanisaidia kuandikia idara barua nirudie muhula. Nilianza kulala kama watu, nikaanza kusoma. Wanawake wa ushirika husema maombi yao yalijibiwa, na rafiki yangu alipewa cheti cha ushauri mbele ya chuo kizima. Nilipiga makofi kama wengine. Hatuzungumzi siku hizi zaidi ya salamu ya niaje.

Matokeo ya muhula ule yalitoka alasiri moja mama akiwa nyumbani. Nilikuwa nimefaulu masomo yote. Nilikimbia jikoni na simu mkononi nikamwambia. Alikuwa anamenya viazi. Akanitazama, akatazama simu, akasema, "Haya, tumshukuru Mungu," akaendelea kumenya. Nilifikiri labda amechoka.

Baadaye kidogo nikamwona kupitia dirisha. Alikuwa ametoka mpaka langoni, kisu cha viazi bado mkononi, amemsimamisha rafiki yangu anayetoka chuoni. Nilisikia swali lake vizuri, maana hakujisumbua kunong'ona.

"Eti huyu wangu amepita kweli?"

Rafiki yangu aliinua macho akaniona. Akaitikia kwa kichwa. "Amepita, mathe. Zote."

Hapo ndipo mama akapiga vigelegele.