Siku Niliyoita Kumi Kabla ya Mbili

Mtanicheka, najua, na chekeni tu, maana aibu ile nimeshaizoea, ila hadi leo nikipita Kizota karibu na kile kiwanda cha kukamua alizeti nashusha kofia hadi machoni.

Programu ya foleni ya pale niliiandika mimi, na niseme ukweli, niliiandika vizuri (sijisifu, muulizeni yeyote). Mkulima akifika na magunia yake anapewa tiketi yenye nambari, zamu yake ikifika spika inamwita, na sauti inayoita ni yangu, niliirekodi mwenyewe chumbani nimejifunika blanketi ili isikike kama ya redioni. Data zote zilikaa kwenye hifadhidata ndogo inayoishi ndani ya programu yenyewe, haihitaji seva wala intaneti, na ilikuwa imefanya kazi misimu miwili bila kukohoa.

Sasa, Zuhura. Huyu ni binti wa Kondoa ninayetaka kumwoa, na baba yake, Mzee Issa, tulionana mara moja tu, Sikukuu ya Idi, akanitazama kama anayekagua mbuzi mnadani. Basi Zuhura akanipigia: "Baba anakuja hapo kesho kukamua alizeti. Anataka aione hiyo kazi yako, anasema mtu wa kompyuta hajawahi kumwona akitoka jasho. Akirudi ameridhika, mlete mshenga."

Mtu mwenye akili angeiacha programu kama ilivyo. Mimi nikasema hapana, mkwe hawezi kukuta kitu cha zamani, na ile hifadhidata ilikuwa imetoka toleo jipya lenye kasi zaidi, basi kesho yake asubuhi, wakulima wameshapanga magunia uani na tiketi zao mkononi, nikakaa ofisini nikaanza kuihamishia programu kwenye toleo hilo. Mwongozo wa kuhama ulikuwa mrefu, nikasoma vichwa vya habari tu (nani anasoma mwongozo wote, jamani?), nikarekebisha amri zilizobadilishwa majina, kompyuta haikulalamika hata mara moja, nikajaribu kwa tiketi tano za uongo, moja hadi tano, zikaitwa kwa mpangilio safi kabisa. Nikaagiza chai, nikawa namweleza mwenye kiwanda, Bwana Amirali, jinsi alivyobahatika kunipata.

Spika ikaita moja. Halafu ikaita kumi, kisha kumi na moja, kisha kumi na mbili. Kumbe kwenye aya niliyoiruka waliandika wazi kwamba toleo jipya, usipoliambia vinginevyo, linahifadhi nambari kama maneno, na kwa mpangilio wa maneno chochote kinachoanza na tarakimu ya moja kinatangulia mbili. Tiketi tano zisingenionyesha hilo hata ningezijaribu mwaka mzima.

Mtu akagonga dirisha. "Kijana, nimefika hapa alfajiri, mbona wanaitwa wa nyuma yangu?"

Sikuinua hata uso (nilikuwa namwandikia Zuhura kwamba mambo ni moto), nikavuta kipaza sauti: "Jamani, mfumo haukosei! Anayelalamika aitazame tiketi yake vizuri, na asiyejua kusoma aombe msaada kwa jirani!"

Watu wakacheka. Nikainua macho, nikakutana na kanzu, kofia, na ule mtazamo wa mnadani.

"Shikamoo mzee," nikasema, tena kwenye kipaza sauti, ua mzima ukasikia.

"Marahaba. Kusoma najua. Imeandikwa mbili."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakimbilia kurudisha toleo la zamani, likakataa kufungua faili kwa kuwa lile jipya lilikuwa limeshaligeuza muundo, na muda wote huo sauti yangu tamu inaendelea, "Nambari kumi na nne, tafadhali." Mama mmoja akauliza, "Huyu anayeita amelewa?" Mwenzake akaninyooshea kidole dirishani: "Si ndiye huyu, sauti ni yake!" Bwana Amirali akachomoa waya wa spika, nami nikapanda juu ya gunia nikaita watu kwa mdomo hadi mchana, shati limelowa, na lile jasho alilotaka kuliona Mzee Issa aliliona lote. Mafuta yake yalitoka basi la Kondoa limeshaondoka.

Kasoro yenyewe niliirekebisha jioni, kwa mstari mmoja tu wa programu. Tangu hapo sigusi toleo jipya kabla sijasoma mwongozo hadi nukta ya mwisho, na siligusi kabisa watu wakiwa kwenye foleni.

Mshenga nilimtuma hivyohivyo, baba yangu mdogo. Alipokelewa vizuri, akalishwa akashiba, kisha Mzee Issa akamwambia, "Mwambie kijana posa yake nimeipokea, nitamwita."

"Lini, mzee mwenzangu?"

"Kuna waposaji waliokuja nyuma yake. Naanza na hao."

Zuhura anasema baba yake aliyasema hayo akicheka. Baba mdogo anaapa kwamba hakucheka hata kidogo. Mimi nimeamua kumwamini Zuhura.