Blažej Anaagwa

Blažej Ondruš hakuwahi kuwa nyota, wala hakudai. Alikuwa beki wa hoki ya barafuni, mtu wa kazi: kocha akitaka mtu wa kujilaza mbele ya kombora apokee kwa mbavu kile kisahani kigumu cha mpira kinachopigwa kwa magongo, anaitwa Blažej. Kwa kazi hiyo alizunguka Slovakia nzima, akavuka Poland, Hungaria hadi Romania, timu kumi na moja, kila jezi na rangi yake, goti bovu lile lile. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane, karudi mjini kwao chini ya milima ya Tatra, na alichotaka duniani ni kimoja tu: mkataba wa msimu mmoja zaidi. Kazi nyingine hakuijua.

Kocha Kamenský alikuwa akimkwepa tangu Februari. "Tutaongea, mzee, tutaongea." Kuongea kwenyewe hakuna.

Asubuhi ya mechi ya mwisho ya msimu, mama mkwe wake, bibi Ruženka, alimwekea mezani supu ya kabichi pamoja na lawama.

"Mwanangu, miaka yote hiyo unacheza, hata kisahani kimoja hujaniletea! Mashine yangu ya kufulia ina mguu mfupi, ikianza kukamua inatembea mpaka mlangoni. Niletee nikiingize chini."

"Mama, vya mazoezi havitoki. Mtunza vifaa wetu ana mkono wa birika."

"Basi chukua cha mechi! Kwani watakila?"

Jioni timu yao ilifungwa tatu kwa mbili. Kipenga cha mwisho kilipolia, kisahani kilikuwa miguuni pake kabisa. Blažej akainama, akakiokota, akakisokomeza ndani ya glavu.

Ndipo aliposikia magongo. Ko, ko, ko! Wapinzani wamesimama mstari mmoja, kila mtu anagonga barafu kwa gongo lake, heshima anayopewa mchezaji anayestaafu. Mara wenzake nao wakaanza, na mashabiki wakainuka. Blažej akageuka kutazama ni nani anayeagwa. Nyuma yake palikuwa na goli tupu. Kule juu jukwaani mkewe, Otília, kajiziba mdomo kwa skafu, analia. Jamani, nani kafa?

Vrabec, nahodha wa wapinzani, waliyekaa naye chumba kimoja walipochezea timu moja kule Romania, akaja akamkumbatia.

"Kaka, yaani hata mimi hukuniambia! Nimekuona unaokota kisahani, nikawaambia vijana wangu, gongeni, mzee anastaafu."

Mungu wangu! Mchezaji wa umri wake akiokota kisahani cha mechi ya mwisho, ameaga, nani asiyejua? Yeye mwenyewe alishawagongea wangapi! "Hapana! Sikilizeni!" akapaza sauti, akainua mkono kuwakataza. Uwanja mzima ukampungia. Kadiri alivyozidi kukataa kwa mkono, ndivyo walivyozidi kumuaga.

Akamtafuta kocha kwa macho. Kamenský alikuwa njiani tayari, anateleza kwa viatu vyake vya mjini, uso umekunjuka ajabu. Blažej akajipa moyo: huyu anajua nimemwomba mkataba, huyu atawaambia.

"Ahsante, mzee wangu," kocha akamnong'oneza, kamshika shingo. "Umenitua mzigo. Kesho ningekuita nikuambie hatuna nafasi yako, na nilikuwa sijui nianzie wapi."

Sasa Blažej akasirike au ashukuru? Watu wanaimba jina lake, jambo ambalo halikuwahi kumtokea katika timu zote kumi na moja, naye hajui alie au acheke. Akavua helmeti, maana wote walikuwa wanasubiri aivue.

"Sasa utafanya kazi gani, kaka?" Vrabec akamuuliza, wakizunguka uwanja taratibu. "Wewe lazima ulishapanga."

"Nipange saa ngapi, Vrabec?" alisema Blažej. "Mimi mwenyewe ndio kwanza nasikia hapa."