Mto Ulipopungua Mvua Ikinyesha

Wifi yangu Tulinagwe ni mwoga. Nilisema hivyo kwa miaka kumi na minane, tangu kaka yangu Hezroni alipomwoa na kumleta kutoka huko juu Busokelo, na nilisema mbele yake na nyuma yake. Mvua ikipiga milimani, yeye hukosa raha. Husimama mlangoni na kitenge mabegani, akiusikiliza mto Lufilyo. Mimi humwambia, "Wifi, ingia ndani, mto haujakuita." Hucheka kidogo, lakini haingii.

Sababu anayo. Alipokuwa msichana, watu wa kwao walifyeka msitu wa mlimani wakapanda viazi, matuta yakashuka mpaka kwenye kijito. Masika moja kipande cha mlima kikaporomoka na kukiziba kijito. Maji yakakatika asubuhi nzima. Watu wakafurahi, wakaingia kuokota samaki, na mama yake Tulinagwe alikuwa miongoni mwao. Kisha udongo ukaachia. Mama yake alipatikana siku ya tatu.

Na sisi wa bondeni hatukuwa na akili zaidi. Baba yetu, Mzee Anyitike, alifyeka matete yote ya ukingoni akapanda mahindi hadi maji yanapogusa. Majirani walifanya vilevile, nami nilishika kiberiti nikayachoma hayo matete. Zamani samaki aina ya mbasa walipanda mto kutoka ziwani kuja kutaga kwenye changarawe, maji yakiwa safi, unahesabu kokoto. Sasa changarawe imefunikwa na tope, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na mbasa tunawafuata sokoni Lyulilo. Tulinagwe alikuwa akimsihi Hezroni, "Mwambie mzee aache matete hata hatua kumi tu." Hezroni alimwambia. Baba akajibu kwamba matete hayaliwi.

Tulinagwe mwenyewe asingeweza kumwambia mzee. Kwetu mwanamke humwogopa baba mkwe. Hamkaribii, hamtazami usoni, hasemi naye, na jina lake halitamki kamwe. Mzee naye akimwona mkwe anakuja, hugeuka akashika njia nyingine. Siku hizi wengi wameacha, wengine wanakula meza moja na hakuna anayeshangaa. Baba yangu hakuacha. Aliishi boma moja na Tulinagwe miaka yote hiyo, na sidhani kama aliijua sura yake vizuri.

Basi, Aprili iliyopita mvua ilinyesha milimani siku tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi nilikuwa uani nageuza kakao niliyoianika, Hezroni yuko Kasumulu kuuza mchele wake, mara Tulinagwe akaja mbio, miguu imejaa tope.

"Wifi, mto umepungua!"

"Si afadhali?"

"Mvua bado inanyesha huko juu, unaisikia ngurumo? Mto hauwezi kupungua. Umezibwa, wifi! Na mzee yuko katikati anaokota samaki. Nakuomba, kimbia ukamwambie atoke."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Wewe mwanamke, maji yakijaa unaogopa, yakipungua unaogopa. Tukuchimbie kisima ulale humo?" Nikaendelea na kakao yangu.

Akageuka, akakimbilia mtoni. Ndipo nikashtuka, kwa maana Tulinagwe hakuwahi kwenda mahali alipo baba. Nikatupa mti wa kugeuzia kakao nikamfuata.

Nilipofika kwenye migomba, mwinukoni juu ya shamba, alikuwa ameshashuka mtoni. Mto ulikuwa umebaki vidimbwi na tope linalong'aa. Baba alikuwa katikati na kikapu chake, amekunja suruali magotini. Tulinagwe alikuwa anamwendea huku akipunga mikono na kulia, "Tokeni! Tokeni jamani, maji!" Baba akainua macho, akamwona mkwe wake anakuja moja kwa moja. Akafanya alichofanya maisha yake yote. Akageuza uso, akachukua kikapu, akampisha. Akasogea ng'ambo, kwenye kina, mbali na sisi.

Tulinagwe akapiga hatua nyingine. Baba naye akasogea tena. Mama wee! Kadiri alivyomfuata kumwokoa ndivyo alivyomsukuma ndani zaidi. Akatambua, akasimama palepale, mikono kichwani. Na hapo nikausikia mto. Ulitoka upande wa juu, mngurumo mzito, ardhi ikitetemeka chini ya nyayo zangu. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikanikwama kooni.

Tulinagwe akajaza pumzi.

"Anyitike!"

Baba akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Anyitike! Mzee mjinga wewe! Njoo unipige kama u mwanaume, Anyitike!"

Sijawahi kumwona baba katika hasira ile. Kikapu alikitupa. Akachomoa fimbo iliyokuwa imesimama kwenye tope, akaja, mzee wa miaka sabini na nane, anateleza, anainuka, anatukana. Tulinagwe akarudi nyuma akiendelea kumtaja, akapanda ukingo, akapita mahindi, mpaka kwenye mwinuko wa migomba nilipokuwa. Hapo akapiga magoti, akafunika uso kwa kitenge. Baba akamfikia akainua fimbo.

Maji yalipita nyuma yake. Si maji, ni tope na magogo na mawe makubwa kama mafriji, yanagongana. Ukingo uliokuwa na mahindi haukuwa na mzizi wa kuushikilia, ukakatika vipande vipande, shamba lote likaenda mbele ya macho yetu. Baba akageuka. Fimbo ikamdondoka. Akakaa chini palepale kando ya mkwe wake, mkono wake umeshika pindo la kitenge cha Tulinagwe, wala hakuliachia.

Kisha baba akasema, bila kunitazama:

"Felista. Alikutuma uniambie?"

"Ndiyo, baba."

"Ukasemaje?"

Nilitamani yale maji yanichukue.

"Nilicheka, baba."