Kuku, Mashuka na Daktari wa Filamu

Binti alikuwa na sharti moja tu kwa watu wa filamu waliotaka kisa chake: mama yake awemo. Mwongozaji akaitikia haraka. "Mama lazima," akasema.

Basi siku ya kuonyeshwa filamu, mama akavaa viatu vipya vinavyombana, akaketi mstari wa mbele. Hakumzaa huyu binti. Alikuwa dobi wa hospitali siku alipoletwa mtoto wa miaka saba aliyekulia bandani na kuku, asiyejua neno hata moja. Madaktari wakapima, wakaandika, wakaenda zao. Dobi akampa ncha mbili za shuka, akashika mbili mwenyewe, akawa anamwambia kila siku: "Shika. Kunja. Njoo." Miaka minne. Siku mtoto aliposema "Njoo," dobi aliliachia shuka likaanguka, akalia.

Sasa watazame hawa watu wa filamu. Kuku wamekuwa nyani, maana kuku, eti, hawavutii. Banda limekuwa msitu. Binti anakimbia kwa miguu minne, na wala hakuwahi. Alikuwa akichuchumaa tu. Mara daktari kijana, mzuri kama tangazo la sabuni, anamwonyesha kioo, na jioni hiyo hiyo binti anatoa hotuba. Ukumbi mzima unavuta kamasi. Jamani, jioni moja!

"Mimi naonekana saa ngapi?" mama akanong'ona.

"Bado, mama."

Aliuliza mara tatu. Binti aliona aibu, na hasira ikampanda.

Taa zikawaka. Mwongozaji akamwita binti mbele, akampa kipaza sauti awashukuru waigizaji. Mpaka leo, mbele ya wageni, ulimi wake hufa ganzi. Akasimama tu. Watu wakaanza kukohoa.

Mama akainuka taratibu, magoti yenyewe mabovu. Akavua mtandio, akashika ncha mbili, akamnyooshea mbili zilizobaki.

"Shika," akasema.

Binti akashika. Wakaukunja, wakasogeleana mpaka mikono ikakutana. Kisha binti akainua kipaza sauti.

"Aliyenifundisha kusema ni huyu," akasema. "Dobi. Hawakumwonyesha."

Mwongozaji akatazama viatu vyake.

Mama akamvuta mkono. "Waambie na habari ya kuku," akanong'ona.