Raheli wa Kintinku, Aliyewanywesha Wasafiri wa Treni

Alizaliwa Kinyangiri mwaka 1936, msimu wa kupalilia uwele, akiwa binti wa mfugaji Alute, na akabatizwa kwa jina la Raheli. Tangu utoto alikuwa mwepesi wa miguu na wa kucheka. Wenzake walipotumwa kisimani wakanuna, yeye alitangulia mbele akiimba Kinyiramba. Aliolewa na Manase, kibarua wa genge la reli, ambaye alimhamishia Kintinku, na huko wakajaliwa binti mmoja, Eliana. Manase alifariki mwaka 1984. Raheli akabaki na shamba dogo la mtama, kuku wachache na nafasi yake katika kwaya ya akina mama. Hakuwa na elimu kubwa wala cheo kanisani, na mtu ambaye angemtabiria utakatifu angechekwa.

Wito ulimfikia mwaka 1987, mchana wa jua kali, alipokuwa akikatiza stesheni na ndoo ya maji kichwani. Biashara ilikuwa imefunguliwa nchini, na kila treni iliposimama pale palichangamka: karanga, mayai, sabuni, mitumba, hata maji ya kunywa kwa glasi. Mwenye fedha alihudumiwa dirishani kama mfalme. Kwenye behewa la daraja la tatu mama mmoja alichungulia, amembeba mtoto aliyepasuka midomo kwa kiu.

“Dada, sina kitu,” alisema. “Mtoto wangu tu, mimi niache.”

Raheli alitua ndoo akamnywesha mtoto, kisha mama yake, kisha mikono ikachomoza kwenye madirisha yote, naye akakimbia huku na huku mpaka ndoo ikakauka na treni ikaondoka na kikombe chake. Alirudi nyumbani bila tone, akicheka peke yake njiani. “Eliana!” aliita kabla hajafika mlangoni. “Nimeonyeshwa kazi yangu! Kumbe ilikuwa hapa hapa!”

Tangu hapo, kila siku ya treni, aliweka mtungi wenye kifuniko kwenye kivuli cha ukuta wa stesheni. Maji aliyachemsha, kwa kuwa nesi wa zahanati alimwonya kwamba ya kisima cha kijiji yanaumiza matumbo, na kuni alizitafuta mwenyewe. Mzee mmoja wa kanisa alimshauri aache, angoje wafadhili walete mradi mkubwa, kwani kikombe cha maji hakibadilishi nchi. “Nchi siijui, baba,” alijibu Raheli. “Wenye kiu wa leo nawajua.”

Jaribu lililomuuma zaidi lilitoka kwa Sultani, muuza chai na maji aliyekuja kutoka Singida mjini na mkewe Saada kufungua kibanda pale. “Mama, siku hizi ni ruksa, kila mtu anauza! Wewe unatuharibia soko!” alifoka, akaupiga mtungi teke ukapasuka mbele ya abiria. Raheli aliinama akaokota vigae, kimoja kimoja, wapitao wasijikate miguu. Alipoinuka alimtazama usoni. “Uza, mwanangu. Mwenye nacho ni wako. Niachie mimi asiye nacho.” Treni iliyofuata alikuwepo na ndoo ya kuazima, na kila aliyemwona na uwezo alimwelekeza: “Chai nzuri iko kwa Sultani.” Sultani alimwambia mkewe kwamba heri angetukanwa.

Ikafika Januari 1998, mwaka wa mvua zile kubwa. Mafuriko yalisomba tuta la reli mbele ya Kintinku, na treni iliyojaa watu ikakwama stesheni. Kesho yake abiria mmoja, Ignas, alianza kuhara na kutapika. Kipindupindu! Neno hilo liliruka mlango kwa mlango. Nyumba zikafungwa, mgambo wakasimama na marungu abiria wasishuke, na ndani ya mabehewa watu wakaanza kuchota maji ya madimbwi kupitia milangoni.

Raheli alikuja na birika la maji ya kuchemsha yaliyotiwa sukari na chumvi. Mgambo alimzibia njia. “Shikamoo, Mama Eliana. Lakini ukiingia humo hutoki.”

“Marahaba, mwanangu. Basi nitakaa nao. Nipishe.”

Baadaye alikiri kwa Eliana kwamba aliogopa sana. Hata hivyo alipanda, akamwegemeza Ignas kifuani, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Kisha akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti: “Watu wa Kintinku! Siwaombi makubwa! Kila nyumba sufuria moja, ichemke tu!”

Milango ilibaki imefungwa. Mara mlango wa kibanda cha chai ukafunguka, wakatoka Saada na Sultani wamebeba sufuria yao kubwa, mvuke ukifuka. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nao walikuwa wamefunga. “Shikamoo, mama,” alisema Sultani. “Tuiweke wapi?”

Ndipo kijiji kikafunguka! Moshi ulipanda kila ua. Wanawake walikimbia na masufuria, khanga zimelowa. Asiye na kuni kavu alipasua kigoda chake. Vijana wakachimba vyoo. Mgambo wakatupa marungu wakashika ndoo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka reli ikatengenezwa, wala hakufa hata mtu mmoja. Ignas aliaga kwa miguu yake mwenyewe. Treni ilipoondoka abiria waliimba madirishani, na Kintinku ikapiga vigelegele hadi sauti zikakauka.

Wapo wanaosimulia kwamba siku zile mtungi mpya wa Raheli haukupungua. Saada, alipoulizwa, alicheka: “Ungepunguaje? Kila aliyepita alimimina.” Nasi twasema huo nao ni muujiza, wala si mdogo.

Raheli alilala katika Bwana mwaka 2004, alasiri, baada ya homa fupi. “Ya leo yamechemka?” alimuuliza binti yake. “Yamechemka, mama.” “Basi yapelekeni.” Sultani alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Leo Saada huwapelekea uji kinamama wanaosubiri zahanatini, na kwaya imejigawia wazee wa kuwafulia nguo. Hakuna aliyewaagiza. Nawe uliyesikia maisha haya, usingoje kupata vingi. Mtazame jirani wa mlango wa pili, ujue amekosa nini, kisha inuka kungali mchana.